Vidole Vinne

Tuire Ylikangas, winga wa kushoto,
anavaa soksi ya kulia kwanza.
Miaka kumi na tisa nimeketi ubavuni pake
sijamwona akianza na nyingine.
Leo ni mechi ya mwisho. Hakuna anayelitamka hilo.
Tunazungumzia bei ya dizeli.

Kwao ni Iisalmi, baba yake muuza matairi.
Ziwa lilipofungwa ndi, mwezi wa Novemba,
mzee alitoboa tundu, akashusha kiganja, akapima:
vidole vinne, ruksa;
vitatu, rudini ndani mkamsaidie mama.
Kaka zake walimweka golini, kitinda mimba,
wakamfunga mito ya kochi kwa kamba ya katani.
Siku moja alitoka golini na kisahani chao,
akampita wa kwanza, akampita wa pili,
wa tatu akamdaka kwa nywele.
Jioni ile alizikata mwenyewe, kwa mkasi wa samaki.

Katika timu ya wavulana alibadilishia nguo stoo,
kati ya mafagio na ndoo.
Hadi leo akinusa sabuni ya sakafu, hata hospitalini,
miguu yake hutaka kukimbia.

Nilimkuta Kuopio. Mimi nilicheza kati.
"Usinitafute kwa macho," aliniambia,
"piga tu, nitakuwapo."
Basi nikapiga kisahani penye utupu,
na utupu ukageuka kuwa Tuire.

Mazoezi yetu yalianza saa nne usiku,
wazee wa kiwanda cha maziwa wakishamaliza zamu yao
na barafu imechanwachanwa kama ubao wa kukatia nyama.
Saa tisa alfajiri alikuwa posta, akipanga barua.
Wanaume wa klabu yetu hiyohiyo walipewa magari.
Sisi tulipewa vocha za piza,
tena za Jumanne tu.
Gongo likivunjika, alilia kwanza, halafu akatukana:
gongo moja ni kodi ya nusu mwezi.

Halafu goti. Ugenini, Uswidi, dakika ya sita.
Nililisikia kabla ya kumwona akianguka,
mlio mdogo, kuni kavu chini ya kiatu.
Miezi kumi na moja.
Aliporudi, kasi ilikuwa imehama
bila kuacha anwani.
Akajifunza kufika mapema badala ya kufika haraka,
jambo ambalo makocha hawana safu yake kwenye karatasi.

Medali ya shaba anayo. Iko kwenye droo ya vijiko.
Watu humuuliza habari za bao lile,
naye hujibu kweli tupu: "Mgongo wangu ndio ulifunga.
Mimi nilikuwa nagombana na beki."

Leo watazamaji ni mia moja na kumi na wawili.
Nimewahesabu wakati wa wimbo wa taifa, Mungu anisamehe.
Mama yake yupo, na chupa ya chai, na blanketi la gari.
Binti wa miaka kumi na saba, Inka, anapewa nafasi yake
kipindi cha tatu, tukiwa nyuma kwa mabao manne.
Tuire anamsogezea nafasi benchini,
anamwambia kitu sikioni.
Baadaye namuuliza Inka ni kitu gani.
"Kwamba kipa wao hulala upande wa glavu.
Na kwamba nina kamasi."

Tulifungwa matano kwa moja.
Alivua viatu vya makali, akavifuta,
akavitia mfukoni vikiwa vimetazamana,
kisha akauliza nani ameficha shampuu yake.

Majira ya joto hatukuonana. Nilisikia amepata zamu ya mchana,
kwamba anapanda viazi,
kwamba goti linatabiri mvua kuliko redio.
Sikumpigia simu. Sikujua tungesema nini
bila kisahani kati yetu.

Novemba, asubuhi, giza bado,
simu ikatetemeka kando ya kitanda:
*Vidole vitatu na nusu.
Njoo hivyohivyo.*